Mzee Marhoon na Nyumba Isiyo na Dirisha

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Marhoon bin Saif anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe 29 Januari 2026. Neno "rasmi" naliandika kwa tahadhari, maana hii ni mara ya tatu jarida letu linamuaga. Mwishoni mwa Septemba tulimuaga kwa keki. Mwishoni mwa Novemba tulimuaga kwa biriani na hotuba ya mkurugenzi, watu wakafuta machozi, na Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ya hapa ilipoanza, tukamkuta mezani kwake na kofia yake kichwani, anachonga penseli, anauliza nani kahamisha kikombe chake. Safari hii nimekwenda mwenyewe kwa watu wa utumishi kuhakikisha. Wanasema anaondoka. Nilipomuuliza yeye alitikisa kichwa kwa namna ambayo mpaka sasa sijui kama ilikuwa ndiyo au siyo.

Chanzo cha mkanganyiko wote huu ni aya moja. Kitabu chake cha mwisho, kile cha Uskochi, kilikuwa kimekamilika tangu mwezi wa tisa isipokuwa nafasi moja tupu, yenye upana wa vidole vinne, chini ya picha ya nyumba ndogo ya mawe. Mzee Marhoon hajawahi kuacha kitu bila maelezo, na alimwambia mkurugenzi mbele yetu sote kwamba hatoki ofisini mpaka nafasi ile ijae. Mkurugenzi alidhani ni suala la siku mbili.

Mimi naitwa Achieng, ndiye ninayepanga kurasa, na nimekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka mingi, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilianza kwa kutafuta cheo chake, nikakwama hapo hapo. Mkataba wake wa kwanza unamwita dereva. Kadi ya mlangoni inasema mtafsiri. Mkurugenzi humwita mtafiti, Mahbuba wa hesabu humwita Ami Marhoon, na wageni wakifika hapa Al Khuwair, Maskati, humpa mkono yeye kwanza wakidhani ndiye mwenye kampuni. Kwa wasiotujua, ofisi yetu hutengeneza vibao na vitabu vya mwongozo kwa mahali penye historia, na yeye ndiye aliyekuwa akienda huko mahali na kurudi na maneno.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa bado anabebwa. Mama yake, Bi Zuwena, alihakikisha Kiswahili hakitoki nyumbani mwao, na hata mwanawe alipokuwa na mvi kichwani alikuwa akimrekebisha kwenye simu tukisikia sote. Aliingia kwetu kama dereva kweli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka mtafiti mmoja Yiti, kuwauliza wavuvi habari za mnara mdogo ulio juu ya kijiji chao. Mtafiti aliuliza vizuri sana. Akapewa kahawa, akapewa tende, na hakuna aliyefungua mdomo kuhusu mnara.

Marhoon, aliyekuwa amechoka kusubiri, akasema kwa sauti kwamba ule mnara bila shaka ulijengwa kukaushia dagaa. Wavuvi walisimama wote kwa pamoja. Alishikwa mkono, akapandishwa kilimani, akaambiwa nani alijenga, nani alilinda, nani aliona meli ya maadui kwanza, na babu wa nani alilala zamu yake ikaleta aibu mpaka leo. Toka siku ile hakurudi kwenye usukani.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake kwa miaka yote: kukosea. "Mie nnakosea kwa makusudi," alikuwa akituambia. "Mwenye mji akikukatalia, ndo keshaanza kukusomesha." Kule milimani alimwambia bibi mmoja kwamba mfereji wao wa maji ulichimbwa na kijiji cha jirani. Bibi alimfukuza mpaka kwenye gari, kisha akamfuata garini, akamrudisha nyumbani kwake kula, na hakumwachia mpaka baada ya sala ya alasiri. Kile kitabu cha mifereji ambacho sote tunajivunia kilianzia kwenye sufuria la wali la bibi yule.

Mwaka jana ikaja kazi ya Uskochi, na hapo ndipo mimi nilipoanza kupotea. Kuna familia moja ya hapa yenye nyumba huko, na kila kiangazi hualika jamaa waliokimbia joto. Wageni hao huzurura mashambani wakiuliza hili jiwe ni la nini na lile tundu ni la nini. Wenyeji wa Kirkdullan, ndilo jina la parokia hiyo, wakaomba kitabu cha mwongozo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Alitumwa Mzee Marhoon, na mpiga picha wetu Wesley akamfuata na mizigo yake.

Mimi nilikulia Siaya, na kwangu parokia ni kanisa, padri, kwaya na harambee. Kumbe kule ni eneo zima la vilima, lenye kondoo wengi kuliko watu. Picha za Wesley zilipoanza kuingia sikujua nizipange vipi. Kulikuwa na daraja zuri la mawe lisilo na mto, kwa kuwa mto ulihama wakati wa mafuriko ya zamani. Kulikuwa na nguzo ya soko katikati ya malisho, na soko hakuna. Kanisa moja halikuwa na paa na ndani yake mna makaburi. Kanisa jingine lina paa na ndani yake mna baiskeli. Nilimpigia Wesley kumuuliza lipi ndilo kanisa lenyewe. "Zote mbili," akasema, kisha akaongeza, "Ama hakuna. Achieng, hata mimi huku nashangaa tu."

Ukutani mwa lile kanisa lisilo na paa kuna pete ya chuma yenye mnyororo. Zamani mtu aliyetenda kosa alifungwa shingo hapo siku ya Jumapili, waumini wakipita kuingia kusali wamtazame. Mahbuba aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu sana, akauliza kama tunaweza kupata vipimo. Hakusema ni kwa ajili ya nani, ila wale wa idara ya mauzo walianza kuleta risiti zao mapema.

Basi Mzee Marhoon akaanza kazi kwa njia yake, na njia yake ikamshinda. Aliwaambia wenyeji kwamba daraja lilijengwa kwa ajili ya bibi harusi aliyeogopa maji. Walitabasamu wakasema, ndiyo, huenda. Alimwambia mkulima mmoja kwamba lile jiwe refu lililosimamishwa shambani kwake, kongwe kuliko chochote katika parokia, liliwekwa ili ng'ombe wajikune. Mkulima alimshukuru, akasema alikuwa akijiuliza siku zote. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyesimama. Watu wale wana adabu ya kutomkatalia mgeni, na kila uongo aliowatupia waliupokea kwa mikono miwili na kumwongezea chai.

Mambo yakazidi kuharibika. Siku moja kwenye ukumbi wa parokia alimsikia mzee wa pale akimsimulia mtalii habari za bibi harusi na daraja, na mzee yule alikuwa ameshamuongezea bibi harusi jina na farasi mweupe. Wesley anasema Mzee Marhoon aliweka kikombe chini. "Wesley, hawa watanimaliza," alisema. "Mie nimekuja kuchukua historia, sasa naiacha." Huku ofisini nilikuwa nikipokea aya leo na kuambiwa kesho niifute. Mwishowe ilibidi aanze kuuliza moja kwa moja kama watu wengine, na jambo hilo lilimuuma.

Karibu na makaburi ipo ile nyumba ndogo. Ina kuta nene za mawe, mlango wa chuma, majani yameota juu ya paa, na haina dirisha hata moja. Mwenye funguo zake ni Bi Elspeth, mwalimu mstaafu, ambaye anashika funguo za karibu kila kitu huko. Mzee alimwambia kwamba bila shaka hapo palihifadhiwa jibini. Bi Elspeth alisema inawezekana, akatazama pembeni.

Habari yenyewe aliipata kwa watu wengine. Miaka mia mbili iliyopita palikuwa na wezi waliofukua maiti wapya na kuwauza kwenye shule za udaktari mjini. Watu wa Kirkdullan wakajenga nyumba ile. Mtu akifa, jeneza liliwekwa ndani, mlango ukafungwa, na ndugu wakakaa nje kwa zamu wiki baada ya wiki, mpaka maiti asiwe na faida tena kwa mwizi yeyote. Ndipo walipomzika. Mzee Marhoon alinitumia picha na ujumbe: "Achieng, huku maiti wanawekewa askari." Alicheka sana. Yeye ni mtu wa desturi ya kuharakisha maziko, aliyefiwa asubuhi akawa amekwisha zika kabla ya jua kuchwa, na hakuweza kuelewa mtu mwenye akili zake anawezaje kumweka mzazi wake juu ya ardhi wiki nzima.

Ofisini tulibishana chakula chote cha mchana. Mimi sikuona ajabu yoyote. Kwetu mtu hazikwi mpaka watoto wote wafike, hata yule wa ng'ambo, na akichelewa anangojwa. Mahbuba aliweka kijiko chini. "Nyinyi mnamweka maiti wiki mbili kwenye barafu, halafu mnanshangaa mie?" alisema. Nikamwambia kwamba anayezikwa bila mwanawe ndiye wa kuhurumiwa. Tuliondoka mezani kila mtu na lake, na sikujua kwamba maneno yale yangenirudia vibaya.

Wiki hiyo hiyo, mwezi wa nane, Bi Zuwena alifariki alfajiri nyumbani kwake hapa Maskati. Alikuwa mzee sana na hakuugua. Mdogo wake Marhoon, Yaqdhan, alimpigia simu akamuuliza swali moja tu, kama wamngoje. Marhoon ndiye mtoto wa kwanza, na neno lilikuwa lake. Ndege ya mapema ilikuwa kesho yake. Alijibu, "Msiningoje. Mzikeni." Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri, na kwa saa za Uskochi ilikuwa bado asubuhi.

Wesley alikuwa naye na ndiye aliyenieleza. Mzee alitia simu mfukoni, akasema twende kazini. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupiga picha ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na Bi Elspeth alikuwa anawangoja na ufunguo. Mzee akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mama yake anazikwa saa hiyo hiyo. Akaongeza kwamba si kitu, maiti hajui nani yupo na nani hayupo. Wesley anaapa kwamba safari hii hakuwa anamtega mtu.

Bi Elspeth, ambaye alikuwa amekubali jibini na bibi harusi na ng'ombe, akasema hapana. "Hapana, Bwana Marhoon. Kwenye benchi hili watu walikaa na mvua ikiwanyeshea, na mbwa wao, na bunduki, kwa ajili ya mtu asiyejua kama kuna yeyote nje. Usiniambie si kitu." Kisha akakaa kwenye benchi. Mzee naye akakaa. Wesley alirudisha kamera kwenye mkoba, akakaa kwenye majani, na mvua ilipoanza hakuna aliyeondoka.

Aliporudi Maskati matanga yalikuwa yamekwisha. Tulimpa pole, akatushukuru, akakaa mezani akamaliza daraja, jiwe, nguzo, pete na makanisa yote mawili, maandishi safi ambayo hayakunitaka nibadilishe hata nukta. Ilibaki nyumba. Alikuwa akiandika mstari, akiufuta. Keki ikapita, biriani ikapita. Wachapaji wa Rusayl walikuwa wakinipigia mimi, si yeye, na nakiri nilianza kupandisha hasira. Nilimwandikia aya kavu yenye mwaka na aina ya mawe, nikamwambia aipitishe tu. Akairudisha. Nilipomuuliza anakosa nini hasa, alisema, "Nnaijua nyumba yote, Achieng. Nisichokijua ni nani aliekaa."

Mimi, mtu wa kazi, nikachukua hatua. Nilimwandikia Bi Elspeth kuomba majina ya watu waliokaa zamu nje ya nyumba ile. Alipekua, akanipatia matatu, na nikayapeleka mezani kwa Mzee kwa furaha kubwa kama nimeleta ng'ombe wa mahari. Aliyasoma, akaniambia ahsante sana, mwanangu, akayaweka chini ya kikombe. Nilirudi kwenye kiti changu bila kuelewa nimekosea wapi. Kwa muda nikaamini kwamba ni mtu anayeogopa kustaafu tu na ametafuta kisingizio, na wengi hapa waliniunga mkono.

Wiki mbili zilizopita nilibeba kompyuta nikaenda nyumbani kwake, nimeapa siondoki bila aya. Dada yake, Bi Hajar, aliyekuwa akiishi na mama yao, alitutilia kahawa na kuniwekea vitumbua. Akauliza ni kazi gani hiyo isiyokwisha. Mzee alitaka kubadilisha mazungumzo, lakini mimi nilishachoka, nikasema yote. Nikaeleza nyumba, wezi, benchi, ndugu wanaokaa na maiti wao. Nikasema Mzee anataka kujua nani alikaa, na majina ya Waskochi nimeshampa na bado hataki.

Bi Hajar aliweka birika chini, akamtazama kaka yake.

"Kaka, kwani hayo si ungeniuliza mimi?"

Mimi nikatazama huyu, nikatazama yule. Ndipo ilipoanza kuniingia akilini, pole pole, kwamba tangu mwezi wa nane hatukuwa tunazungumza habari za Uskochi.

"Hatukumwacha," Bi Hajar alisema. "Toka alfajiri mpaka wanakuja kumchukua, hatukumwacha peke yake hata kidogo. Mie nlikuwa kichwani kwake, nnamsomea. Nlipoinuka kutia udhu, Nouf bintiyo alikaa pale pale nilipokaa mimi. Tulimuosha wenyewe. Na kaburini kaingia Yaqdhan. Watu walitaka kumsaidia, kasema, niacheni, naingia kwa ajili ya kaka."

Mzee Marhoon aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kitanda kilielekezwa wapi. Akaambiwa. Akauliza nani alimfumba macho, na alikuwa amefunikwa kanga gani, na kama dirisha la chumbani lilikuwa wazi, maana mama alipenda hewa. Aliuliza moja baada ya jingine, bila hila yoyote, na Bi Hajar akajibu kila moja. Alilia. Bi Hajar alilia. Mimi nililia na kitumbua mkononi, nikikumbuka yale niliyosema kwa Mahbuba kuhusu mama anayezikwa bila mwanawe, nikatamani niyameze.

Mpaka leo sielewi vizuri. Mtu aliyeuliza vijiji vizima kwa miaka thelathini na moja, aliyewafanya wavuvi wasimame na mabibi wamkimbize, alikaa miezi mitano hajamuuliza dada yake swali moja. Bi Hajar anasema aliogopa jibu. Huenda ni hivyo. Mimi nadhani alijua kwamba kwa swali hilo asingeweza kukosea kwa makusudi.

Alivuta kompyuta yangu akaandika bila kufuta: "Nyumba hii haina dirisha. Watu wa Kirkdullan waliijenga ili wafu wao wasiibwe kabla ya kuzikwa. Ndugu walikaa hapa nje kwa zamu, kwenye baridi, kwa kuwa hawakutaka mtu wao awe peke yake. Ukifika, kaa kidogo." Aya ilijaza nafasi yake sawasawa. Kesho yake nilipeleka kurasa Rusayl mwenyewe, na vitabu vimekwisha kuchapwa.

Kuhusu daraja, tumeandika ukweli, lakini Bi Elspeth anatuarifu kwamba watoto wa shule huko sasa huliita Daraja la Bibi Harusi na hakuna wa kuwazuia. Mzee ameomba radhi mara mbili. Kila mara amejibiwa kwamba hakuna neno.

Mzee Marhoon, kwa niaba ya wote wa Al Khuwair, ahsante kwa kila mnara, kila mfereji na kila kijiji kilichokukatalia. Mkurugenzi ameomba niandike kwamba pengo lako halitazibika. Mimi naongeza kwamba meza yako tumeshaifunga kwa ufunguo, usijaribu Jumapili. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Nenda nyumbani, Mzee wetu. Bi Hajar anasema siku ile ilikuwa ndefu na hajakusimulia hata nusu yake, na sasa una muda wa kumuuliza yote.